Gari la Mkate na Boti ya Kibirizi: Chombo Hutengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Katika madarasa ya itikadi suala la viwanda huletwa mara nyingi kwa swali lisilo sahihi. Mwanafunzi huuliza: "Je, Tanzania inaweza kutengeneza gari?" Hilo ni swali la kifundi tu, na jibu lake ni jepesi mno kiasi kwamba halitufundishi kitu. Gari ni chuma, mpira, kioo na nyaya. Popote penye mafundi, zana na mtaji, gari litatengenezwa. Kada wa Chama hana budi kuuliza maswali mengine: gari lipi, kwa ajili ya nani, kwa uamuzi wa nani, na faida yake inakwenda mfuko upi?

Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa kuchunguza jambo moja halisi, yaani jinsi wenzetu wa China walivyobuni gari dogo la abiria na mizigo kwa ajili ya soko lao wenyewe. Tutalipima jambo hilo tukiwa tumesimama katika ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kwenye miji ya Kigoma na Ujiji, kwa sababu nadharia isiyoweza kusimama katika mchanga wa mahali fulani si nadharia bali ni maneno.

1. Chombo hubeba jamii iliyokitengeneza

Kila bidhaa ina thamani mbili. Ina thamani ya matumizi, yaani haja ya binadamu inayotoshelezwa nayo. Na ina thamani ya mauzo, yaani kile inacholeta sokoni. Bepari hutengeneza kwa ajili ya thamani ya pili, na huijali ile ya kwanza kwa kiasi kile tu kitakachomwezesha kuuza. Ndiyo maana chombo chochote, ukikitazama kwa makini, hukueleza habari za jamii iliyokiamua: upana wa barabara zake, uzito wa mifuko yake, sheria zake na hata mkono inaoendeshea.

Tuchukue mfano wa Toyota Hiace, ambayo wananchi wengi wanaijua kwa jina la kipanya. Gari hili lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967 kwa mahitaji ya nchi hiyo. Linapofika Kigoma huwa limeanza maisha ya pili: limetumika kwao, limevushwa bahari hadi Dar es Salaam, limeongezwa viti na mafundi wetu, kisha likapewa kazi ambayo mbunifu wake hakuifikiria. Sisi hatukuamua hata mlango wake ukae upande gani. Mlango huo unatufaa kwa bahati ya historia tu, kwa kuwa Japani huendesha kushoto nasi tulirithishwa kushoto na Mwingereza. Lakini gari hilo hilo likivuka mpaka na kuingia Burundi, au likivuka ziwa na kuingia Kongo, ambako magari hupita kulia, mlango wa abiria hufungukia katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la dagaa mkononi hushukia penye hatari. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Ila hakuna aliyemkusudia kabisa, na hapo ndipo penye somo letu.

2. Meli iliyobuniwa kwa ziwa letu bila sisi

Mtu anaweza kujibu kwamba dawa ni kupata chombo kilichobuniwa mahsusi kwa mahali petu. Historia ya Kigoma inaonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku maelfu, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Ikaunganishwa hapa hapa na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Kwa upande wa ufundi, hakuna chombo kilichopimwa vizuri zaidi kwa ziwa hili. Lakini uamuzi ulikuwa wa ubeberu wa Kijerumani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa vita vya mabeberu wao kwa wao. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Baadaye, chini ya Taifa huru, meli hiyo iligeuka kuwa mali ya wananchi, na kwa miaka mingi ilibeba wakulima, wavuvi na wachuuzi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mei 2015 iliwabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Hapa tunaona kwamba chombo cha mtawala kinaweza kunyakuliwa na umma na kupewa kazi mpya. Hata hivyo kunyakua chombo ni jambo moja, na kumiliki uwezo wa kukitengeneza ni jambo la pili. Taifa linaloweza kutumia bila kuweza kuunda hubaki likitengeneza kilekile lilichorithi, kiraka juu ya kiraka.

3. Liuzhou: kutoka trekta hadi gari la mkate

Sasa tuitazame China. Katika mji wa Liuzhou, jimbo la Guangxi kusini mwa nchi hiyo, kilikuwapo kiwanda cha umma kilichoanzishwa mwaka 1958, ambacho baadaye kilitengeneza matrekta. Baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1978, mashamba ya komuni yaligawiwa kaya kwa kaya, na mahitaji ya matrekta makubwa yakashuka. Kiwanda kilijikuta na wafanyakazi, mashine na ujuzi, lakini hakina mnunuzi.

Kiwanda hicho kilitazama ni haja gani mpya iliyozaliwa na mabadiliko yaleyale yaliyokinyima soko. Mkulima aliyepewa shamba lake sasa alikuwa na mazao yake ya kupeleka sokoni. Na fundi wa mji mdogo alikuwa na bidhaa zake za kuzungusha. Punda na mkokoteni haukutosha, na lori lilikuwa kubwa na ghali mno. Mwaka 1982 Liuzhou walitoa mfano wa majaribio wa gari dogo sana, wakifuata umbo la gari dogo la Mitsubishi la Japani. Viwanda vingine vya China vilipita njia inayofanana na hiyo. Changan ya Chongqing, iliyokuwa kiwanda cha silaha, iliingia katika magari madogo miaka ya 1980 kwa ufundi wa Suzuki. Kwa kuwa magari hayo yalikuwa na umbo la boksi lililoviringwa pembeni, Wachina waliyaita kwa lugha yao "magari ya mkate".

Kwa hiyo walianza kwa kuiga, na jambo hili tusilipite haraka. Kuna waigaji wa aina mbili. Kuna anayeiga ili aonekane kama mwenzake, na kuna anayeiga ili ajifunze, kisha aubadilishe mfano kwa haja ya watu wake. Wa kwanza huishia kuwa kibaraka wa ladha za wengine. Wa pili, baada ya miaka, huwa hana tena haja ya mfano.

Mwaka 2002 kiwanda cha Liuzhou, kwa jina la Wuling, kiliingia ubia. Shirika la umma la SAIC la Shanghai lilichukua asilimia 50.1 ya hisa, kampuni ya Kimarekani ya General Motors asilimia 34, na Wuling ikabaki na asilimia 15.9. Mwaka huo huo likatoka gari lililoitwa Wuling Sunshine: injini ndogo ya takriban lita moja, milango ya kuteleza pembeni, viti vinavyoweza kuondolewa, na bei iliyomlenga mtu anayenunua gari lake la kwanza maishani. Asubuhi lilibeba kabichi na nguruwe. Jioni lilibeba bibi na wajukuu. Mwaka 2009 ubia huo uliuza zaidi ya magari milioni moja kwa mwaka mmoja. Mwaka 2010 ukatoa Hongguang, ambalo injini yake ilisogezwa mbele na nafasi ya familia ikaboreshwa, kwa sababu mteja yule yule alikuwa ameinuka kidogo kimaisha. Katika miaka iliyofuata Hongguang likawa miongoni mwa magari yaliyouzwa kwa wingi kuliko yote nchini China.

4. Sababu tatu za kufaulu

Kada asiridhike na kusifu. Lazima atafute sababu, na hapa ziko tatu zinazoshikamana.

Sababu ya kwanza ni kuijua haja. Gari hili halikubuniwa kwa kumfikiria mkubwa wa ofisi. Lilianza na maswali ya mtu wa kijijini: mzigo wake ni wa uzito gani, barabara yake ina mashimo kiasi gani, fundi wa mji wake mdogo ana spana zipi, na mfukoni mwake mna nini. Kila kilichoongeza bei bila kuongeza manufaa kwa mtu huyo kilikatwa.

Sababu ya pili ni nguvu ya dola. Soko halikuachwa lijiamulie lenyewe. Mwaka 2009, wakati mdororo wa ubepari ulipoikumba dunia nzima, serikali ya China ilipunguza kwa nusu kodi ya ununuzi wa magari yenye injini isiyozidi lita 1.6, kutoka asilimia 10 hadi asilimia 5. Aidha ilitoa ruzuku kwa wakulima waliobadilisha vyombo vyao vya magurudumu matatu na kununua magari madogo yenye injini isiyozidi lita 1.3. Yaani fedha ya umma iliwekwa katika mkono wa mkulima, na mkono huo ukanunua kitu kilichotengenezwa na mfanyakazi wa nchi yake. Hivyo ndivyo kilimo na viwanda vinavyofungwa pamoja kwa vitendo.

Sababu ya tatu ni wingi. Bodi ya gari hutengenezwa kwa kukandamiza mabati katika kalibu za chuma kigumu, na kalibu hizo ni ghali sana hata kabla gari la kwanza halijatoka. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba kalibu zote za gari moja zinagharimu shilingi bilioni 50. Kiwanda kikitoa magari 1,000, kila gari litabeba shilingi milioni 50 za kalibu peke yake. Kikitoa magari milioni moja, kila gari litabeba shilingi 50,000. Chuma ni kile kile, mfanyakazi ni yule yule, lakini bei si ile ile. Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini nchi ndogo ndogo zilizogawanywa na mipaka ya wakoloni huona viwanda kuwa ndoto.

5. Ukinzani uliomo

Haitakuwa haki kwa wasomaji kuufanya mfano huu kuwa msahafu. Ndani yake umo ukinzani ambao Mjamaa lazima autaje.

Kwanza, faida. Juni 2009 General Motors ilifilisika mbele ya mahakama za Marekani. Mwaka huo huo ubia wake wa Liuzhou ulivuka magari milioni moja, na mwaka 2010 kampuni hiyo ikaongeza hisa zake kutoka asilimia 34 hadi 44. Maana yake ni kwamba jasho la mfanyakazi wa Guangxi lilisaidia kulifufua shirika la kibepari la ng'ambo. China ilikubali jambo hilo kwa bei maalumu: dola ilibaki na sehemu kubwa ya hisa, na ujuzi ukabaki nchini. Mtu anaweza kuubishia mkataba huo, lakini hawezi kusema haukuwa na mpango.

Pili, usalama. Magari ya awali ya aina hii yalikuwa mepesi, na miguu ya dereva ilikuwa karibu kabisa na bampa. Unafuu wa bei ulilipwa kwa mwili wa mnunuzi. Kusogezwa kwa injini mbele kulikuja baadaye. Kwa hiyo "rahisi kwa mnyonge" kusiwe jina jingine la "hatari kwa mnyonge".

Tatu, jina la umma peke yake halimalizi unyonyaji. Kiwanda cha dola kinaweza kuuza kwa mkulima na bado kikampangia mfanyakazi saa na mishahara bila kumsikiliza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilisema jambo hili waziwazi kwa viongozi wetu wenyewe, na onyo hilo halijazeeka.

6. Majaribio ya Afrika ya Mashariki

Sisi nasi tumejaribu. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari. Mifano mitano ya majaribio, iliyoitwa Nyayo Pioneer, ilionyeshwa mwaka 1990. Ilikwenda, mwendo wake ulifika kilomita 120 kwa saa. Lakini haikuingia kiwandani kwa uzalishaji, kwa kuwa fedha hazikupatikana. Wahandisi hawakushindwa. Kilichokosekana ni kila kitu kilichopaswa kuizunguka kazi yao: kalibu, wauzaji wa vipuri, mnunuzi aliyejulikana, na mpango wa miaka mingi usiotegemea sherehe ya siku moja.

Katika Kenya hiyo hiyo General Motors ilikuwapo tangu miaka ya 1970, ikiunganisha magari, hadi ilipouza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017 na kuondoka. Shirika lile lile lilibuni gari jipya na Wachina, lakini kwetu liliunganisha vipande tu. Tofauti haikuwa katika tabia ya shirika. Ubeberu una tabia moja. Tofauti ilikuwa katika nguvu ya yule aliyekaa upande wa pili wa meza.

Uganda, kwa kuanzia na wahandisi wa Makerere, ilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011 na basi la Kayoola mwaka 2016. Kwetu Tanzania tunalo shirika la Nyumbu pale Kibaha, lililotokana na jeshi la wananchi. Lakini tusiwasahau wabunifu wasio na vyeti. Waliogeuza magari ya mizigo kuwa "chai maharage" ya Dar es Salaam, abiria wakikaa kwa kutazamana, walikuwa wakibuni gari la abiria kwa ajili ya soko lao. Walijua haja, ile sababu ya kwanza. Hawakupewa ya pili wala ya tatu.

7. Boti ya Kibirizi

Turudi ufukweni. Gari la mkate la Kigoma liko wapi? Liko majini. Katika mwalo wa Kibirizi na fukwe za Ujiji, mafundi huunda boti za mbao ambazo hubeba abiria, magunia ya mihogo, madumu ya mawese na dagaa. Vijiji kama Mwamgongo na Kagunga upande wa kaskazini, na Kalya upande wa kusini, vimelitegemea ziwa kuliko barabara. Fundi huyu hana karatasi ya michoro. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hupigilia mbao na kutia kalafati, na vipimo vyote vimo kichwani. Anajua wimbi la ziwa, anajua uzito wa gunia, anamjua abiria kwa jina. Kwa kipimo cha sababu ya kwanza hapungukiwi na mbunifu wa Liuzhou.

Lakini injini inayofungwa nyuma ya boti hutoka Japani. Mbao hupanda bei. Mkopo haumfikii. Kwa kuwa kila boti huundwa peke yake, hakuna kipimo cha pamoja cha idadi ya abiria, wala mahali pa kuweka majaketi ya kuokolea maisha. Upepo unapovuma, mapungufu hayo huhesabiwa kwa roho za watu. Hapa suala la "kubuni kwa ajili ya soko" linaacha kuwa la kitabuni.

Ukweli mwingine unatakiwa kusemwa ndani ya Chama. Siku zote fedha za kununua mashangingi ya maofisini zimepatikana kwa haraka kuliko za kumwezesha fundi wa boti. Ununuzi wa umma ni sera ya viwanda, tukitaka tusitake. Kila shilingi ya Serikali hulijenga soko la mtu fulani. China ilijenga la mkulima wake. Nasi tujiulize tumekuwa tukijenga la nani.

8. Kazi iliyo mbele

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, mafundi wa boti wajiunge katika ushirika. Kwa msaada wa VETA na SIDO ujuzi wao uchorwe, upimwe na kuwekewa viwango pamoja na wakaguzi wa TASAC, ili boti kumi ziundwe kwa kipimo kimoja badala ya kila moja kwa bahati yake. La pili, halmashauri za ukanda wa ziwa ziwe wanunuzi wa kwanza: boti za zahanati, za walimu na za doria zitoke kwa ushirika huo. La tatu, tuliangalie soko kwa macho mapya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na mwaka 2022 Kongo ikaingia. Leo ina watu zaidi ya milioni 300. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Kwa mkoloni Kigoma ilikuwa mwisho wa reli. Katika Jumuiya hii iko katikati, na ng'ambo ya maji wako wanunuzi wanaoendesha kulia, wenye ziwa lile lile na shida zile zile za usafiri.

Reli hiyo inaweza kuleta mitumba zaidi kwa kasi zaidi, au inaweza kupeleka na kuleta mali tuliyoiunda wenyewe. Chuma cha reli hakitaamua. Wataamua watu waliojipanga, na kazi ya kuwapanga ndiyo iliyomfanya kada aitwe kada. Kwa hiyo kila tawi la ufukweni lianze kwa uchunguzi: kuna mafundi wangapi katika eneo lake, wanaunda boti ngapi kwa mwaka, wananunua nini kutoka nje, na abiria wao wanataka nini ambacho hawakipati. Majibu hayo yaandikwe na yaletwe vikaoni. Liuzhou nao walianza kwa kumuuliza mkulima mzigo wake una uzito gani.